Mvua ya miaka 7,000 iliyopita hupimwaje? Kusoma tabianchi na uoto wa kale wa Asia

Gonghai ni ziwa dogo la mlimani katika jimbo la Shanxi, kaskazini mwa China, mita 1,860 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2015 timu ya Chen Fahu ilitangaza kwamba kati ya miaka 7,800 na 5,300 iliyopita mvua ya mwaka katika eneo hilo ilizidi ya leo kwa asilimia 30 hivi, na kwamba ilianza kupungua upesi tangu miaka 3,300 iliyopita. Vipimamvua havikuwepo. Takwimu hizo zimetoka kwenye matope ya chini ya ziwa, na hasa kwenye chavua iliyonaswa humo: unga wa maua uliopeperushwa na upepo, ukatua majini, ukazama, ukafukiwa.

Msomaji ana haki ya kuuliza unga wa maua unageukaje kuwa milimita za mvua. Jibu lina hatua mbili, nazo zisichanganywe. Kwanza chavua hutuambia mimea gani ilikuwepo. Kisha mimea ndiyo inayoulizwa habari za mvua na joto. Hatua ya kwanza ina makosa yake, lakini mengi yanajulikana na yanahesabika. Hatua ya pili ndiyo inayozua ubishi mwingi kuhusu tabianchi ya kale ya Asia, na habari nyingi zinazosambaa huiruka kana kwamba haipo.

Nguzo ya matope na umri wake

Ziwa zuri kwa kazi hii ni tulivu, lina kina cha kutosha, na halina mto mkubwa unaoingia. Mto huleta chavua ya mbali, na mbaya zaidi hufukua mashapo ya zamani kwenye kingo zake na kuyamwaga upya ziwani, kisha chavua ya miaka 10,000 iliyopita inajikuta imelala tabaka moja na ya miaka 3,000 iliyopita. Ukubwa nao una maana yake. Ziwa lenye upana wa mita mia kadhaa hupokea zaidi chavua ya msitu unaolizunguka, na ziwa kubwa hupokea ya mkoa mzima. Kulinganisha matokeo ya maziwa mawili bila kutazama ukubwa wake ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Uchimbaji hufanyika juu ya chelezo kilichotiwa nanga pembe zote. Bomba lenye pistoni ndani husukumwa chini, kwa kawaida mita moja kwa mara moja, na pistoni huzuia matope yasishindiliwe wakati bomba linashuka. Tatizo liko kwenye maungio. Sentimita chache za juu za kila kipande huwa zimevurugwa, na za chini hudondoka bomba linapovutwa. Ndiyo maana shimo la pili huchimbwa kando ya la kwanza, likianzia nusu mita chini zaidi, ili kila ungio la shimo moja liangukie katikati ya kipande cha shimo jingine.

Gharama ya kuruka hatua hiyo ilionekana katika Ziwa Suigetsu, mkoa wa Fukui, Japani. Chini ya ziwa hilo mashapo yamejipanga kwa tabaka za kila mwaka, nyeupe na nyeusi zikipishana, kila mwaka chini ya milimita moja. Mita 45 hivi za tabaka hizo zinabeba miaka 70,000. Nguzo iliyochimbwa mwaka 1993 ilitoka kwenye shimo moja. Matokeo yake yalipochapishwa mwaka 1998 yalitarajiwa kuwa kipimo cha kusahihishia umri wa kaboni 14 (kaboni inayooza kwa kasi inayojulikana) duniani kote, lakini hayakuafikiana na kumbukumbu nyingine, na baadaye ikabainika kuwa matope yalikuwa yamepotea kwenye maungio. Mwaka 2006 timu ya Takeshi Nakagawa ilirudi ziwani na kuchimba mashimo manne yanayopishana, ikapata nguzo kamili ya mita 73. Hiyo ndiyo iliyokubalika, mwaka 2012.

Maziwa mengi hayana tabaka za mwaka, kwa hiyo umri hupatikana kwa kaboni 14, ambayo hufaa hadi miaka 50,000 hivi. Hapa sheria ni moja: pima jani, mbegu au kijiti cha mmea wa nchi kavu, usipime matope yenyewe. Mimea ya majini hutumia kaboni iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya chokaa, kaboni ya kale isiyo na kaboni 14 tena, kwa hiyo matope huonekana ya zamani kuliko yalivyo. Katika maziwa ya uwanda wa Tibet kosa hilo hufika miaka elfu moja na zaidi, na mahali pengine elfu kadhaa. Kwa bahati mbaya Tibet ni mahali ambapo majani ya nchi kavu ni adimu ziwani, maana miti yenyewe ni michache. Ukikuta grafu ya ziwa la Tibet yenye vilele na mabonde yaliyopangwa kwa usahihi wa karne, angalia kwanza walichokipima.

Ndani ya maabara

Ukuta wa nje wa chembe ya chavua umetengenezwa kwa sporopolenini, mojawapo ya dutu ngumu kuliko zote zinazozalishwa na mimea. Asidi kali haziuwezi. Kinachouharibu ni oksijeni. Kwa hiyo mbinu nzima ya maabara ni kuyeyusha kila kitu kinginecho na kuiacha chavua.

Hukatwa kipande cha sentimita moja ya ujazo kila baada ya sentimita kadhaa za nguzo. Kabla ya kemikali yoyote, ndani ya tyubu hutiwa kidonge chenye idadi inayojulikana ya spora za *Lycopodium*, mmea mdogo unaokaribiana na kangaga. Idadi hiyo, ambayo kwa kawaida ni maelfu kumi hadi ishirini, hutofautiana kwa kila toleo la vidonge na huandikwa kwenye chombo chake. Kazi ya spora hizi ni kupotea pamoja na chavua. Chochote kitakachomwagika au kubaki kwenye chujio kitapotea kwa uwiano uleule, na mwishoni tutaweza kukokotoa kilichokuwepo mwanzoni. Anayesahau kidonge hadi katikati ya kazi amepoteza sampuli, kwani hakuna namna ya kujua kilichokwisha kupotea.

Asidi hidrokloriki ya asilimia 10 hutangulia. Inayeyusha chokaa na kidonge chenyewe, na hutoa povu jingi; hudondoshwa tone kwa tone, na matone machache ya alikoholi hutuliza povu lisipande na kumwagika. Kisha hufuata hidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10 katika maji ya moto, dakika tano hadi kumi, ili kuondoa rangi ya mboji. Ikiachwa muda mrefu, chembe huvimba na vipimo vyake havifai tena, jambo litakalotugharimu tutakapotaka kutofautisha nyasi za porini na nafaka. Halafu huchujwa mara mbili: kwenye wavu wa mikromita 180 hadi 200 unaobakiza mizizi na vipande vya majani, na kwenye wavu wa mikromita 7 hadi 10 unaopitisha udongo mfinyanzi na kuibakiza chavua.

Mchanga na udongo uliobaki ni silika, na silika huyeyushwa kwa asidi hidrofloriki ya asilimia 40. Asidi hii hula kioo, na ndiyo sababu tyubu zote ni za plastiki. Ni hatari kuliko asidi zote za maabara hii. Inapenya ngozi, inashika kalsiamu ya mwili, maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na hata eneo dogo la ngozi likilowa mtu anaweza kufa. Haishikwi bila kabati la kufyonza mvuke, glavu nene, aproni, kinga ya uso, na jeli ya glukoneti ya kalsiamu iliyo karibu na mkono, pamoja na mtu wa pili chumbani. Maabara zisizo na vifaa hivyo zisijaribu. Ipo njia nyingine, nayo ni kimiminika kizito cha politangsteti ya sodiamu kilichorekebishwa hadi uzito wa mara 1.9 hadi 2.0 ya maji. Ndani yake chavua huelea na madini huzama. Ni ghali, lakini huchujwa na kutumika tena, na hakuna anayepoteza mkono.

Hatua ya mwisho ni asetolisisi, iliyobuniwa na Gunnar Erdtman wa Sweden: sehemu tisa za anhidridi ya asetiki kwa sehemu moja ya asidi salfyuriki kali, dakika tatu hivi kwenye joto la nyuzi 90. Inaondoa selulosi na kuipa chavua rangi ya kahawia inayoonyesha michoro ya ukuta wake. Kabla yake sampuli lazima isuuzwe kwa asidi ya asetiki isiyo na maji, kwa kuwa mchanganyiko huo ukikutana na maji huchemka ghafla na kuruka. Dakika zikizidi, chembe huwa nyeusi na hazitambuliki. Kinachobaki huwekwa kwenye mafuta ya silikoni. Faida ya silikoni juu ya gliserini ni kwamba chembe hazivimbi kadiri miaka inavyokwenda, na ukigusa kioo cha juu kwa sindano chembe hugeuka, ukaweza kuiona ubavuni.

Kuhesabu, na mtego wa asilimia

Chembe huhesabiwa kwa hadubini inayokuza mara 400 hadi zifike 300 au 500 kwa kila tabaka, na ngumu kutambua hutazamwa kwa mara 1,000. Ni kazi ya saa nyingi kwa sampuli moja. Mfano wa hesabu: kidonge kilikuwa na spora 18,000, umehesabu chavua 400, na njiani umekutana na spora 150 za *Lycopodium*. Zidisha 400 kwa 18,000, gawanya kwa 150: chembe 48,000 katika sentimita moja ya ujazo. Kama matope yalijikusanya kwa kasi ya sentimita 0.05 kwa mwaka, basi kila sentimita ya mraba ya sakafu ya ziwa ilipokea chembe 2,400 kwa mwaka. Ukikutana na spora 10 tu katika hesabu nzima, kiwango cha kosa ni kikubwa mno na namba hiyo haifai kuchapishwa.

Kwa nini kujisumbua na kidonge badala ya kutoa asilimia tu? Chukua tabaka lenye chembe 5,000 za msonobari na 5,000 za pakanga: msonobari ni asilimia 50. Tabaka la juu yake lina msonobari 5,000 zilezile na pakanga 1,000. Sasa msonobari ni asilimia 83. Mchoro wa asilimia utaonyesha msitu ukipanuka, ilhali hakuna hata mti mmoja ulioongezeka.

Msonobari una tatizo jingine. Chembe yake ina vifuko viwili vya hewa, husafiri mamia ya kilomita, na huonekana hata kwenye majangwa yasiyo na mti. Wachunguzi wengi wa kaskazini mwa China husubiri ivuke asilimia 30 hivi kabla ya kusema msitu wa msonobari ulikuwa karibu. *Larix*, mti unaotawala misitu ya Siberia, ni kinyume chake. Chavua yake haina vifuko, haisafiri, na huoza upesi, hivyo hata asilimia mbili tatu huashiria kuwa mti ulikuwepo. Anayesoma michoro bila kujua haya ataipanda misonobari jangwani na kuifyeka Siberia.

Kuna pia tabaka zinazodanganya kwa sababu ziwa lilikauka kwa muda na oksijeni ikaingia. Zinazosalia hapo ni chembe sugu: misonobari, spora za kangaga, jamii ya mchicha. Ukiona hizo zimetawala na chembe nyingi zina mashimo na kingo zilizolika, usiandike historia ya uoto. Umeona kilichonusurika tu.

Kutoka mmea hadi mvua

Sasa hatua ngumu. Watafiti hukusanya matope ya juu ya maziwa na kuvumwani kutoka mamia au maelfu ya mahali ambapo mvua na joto vya leo vinajulikana, kisha huhesabu chavua yake kwa njia ileile. Hapo kuna mbinu mbili kuu. Ya kwanza hulinganisha sampuli ya kale na zote za leo, huchagua zinazofanana nayo zaidi, labda tano au kumi, na kuchukua wastani wa mvua ya mahali pake. Ya pili hukokotoa kwa kila mmea kiwango cha mvua unakostawi zaidi, kisha huunganisha mimea yote ya sampuli kwa uzito wa asilimia zake. Takwimu ya Gonghai imetoka kwenye ukokotozi wa aina hii.

Kwa nchi kavu za ndani ya Asia kuna kipimo rahisi zaidi: gawanya idadi ya chavua ya pakanga kwa ile ya jamii ya mchicha na spinachi. Pakanga ni *Artemisia*, jenasi ileile ya dawa ya malaria inayolimwa Tanzania na Kenya, na katika nyika za Asia inahitaji unyevu zaidi kuliko ndugu wa mchicha wanaovumilia ukame na chumvi. Kwa hadubini hakuna wa kuzichanganya: ya pakanga ina mifereji mitatu na ukuta mnene, ya mchicha ni mpira uliojaa matundu kila upande. Uwiano ukiwa chini ya moja, kwa kawaida ni jangwa au nusu jangwa. Ukipanda juu zaidi, ni nyika ya nyasi. Lakini kipimo hiki hufaa pale tu ambapo mimea hiyo miwili ndiyo wingi wa chavua. Pembezoni mwa ziwa la chumvi jamii ya mchicha hustawi kwa sababu ya chumvi, hata mvua ikiongezeka, na ufukwe mpana ulioachwa wazi na maji yanayopungua huongeza chavua yake kuliko ukame wenyewe ungefanya. Watu wameutumia uwiano huu msituni, ambako hauna maana yoyote.

Mbinu zote hizi zinategemea jambo ambalo si kweli daima: kwamba mmea wa kale uliishi chini ya masharti yaleyale ya leo. Kilele cha enzi ya barafu, miaka 21,000 hivi iliyopita, hewa ukaa ilikuwa sehemu 190 hivi kwa milioni, ikilinganishwa na 280 kabla ya viwanda. Hewa ukaa ikipungua, jani hulazimika kufungua vinyweleo vyake zaidi ili lipate chakula, na kwa kila kinyweleo kilichofunguka maji hutoka. Mti ulihitaji mvua nyingi zaidi ili uishi palepale. Kwa hiyo nyika iliyochukua nafasi ya msitu enzi hizo haithibitishi ukame wa kiwango ambacho jedwali la leo linadai. Njia sahihi ni kutumia modeli ya ukuaji wa mimea inayopewa kiwango halisi cha hewa ukaa, na kuirudisha nyuma hadi ipatikane mvua inayotoa uoto uliopatikana. Ni kazi nzito na wengi bado hawaifanyi.

Upande mwingine wa historia kuna wakulima. Bonde la Mto Manjano lilikuwa na vijiji vya kilimo cha nafaka ndogondogo za jamii ya mawele kabla ya miaka 7,000 iliyopita. Mkulima akifyeka mwaloni, chavua ya miti hushuka na ya pakanga hupanda, na fomula itaandika ukame. Ishara za mkono wa mtu ni mkaa mwingi ghafla, magugu ya mashamba, na chembe za nyasi zenye kipenyo kinachozidi mikromita 35 hadi 40, ingawa nyasi kadhaa za porini za Asia ya Kati nazo hufika ukubwa huo, na chembe iliyovimba maabara hufika bila kustahili. Uhakika zaidi hutoka kwenye fitolithi, vijiwe vya silika vinavyojengeka ndani ya mmea, ambavyo umbo lake hutofautisha aina za nafaka. Swali hili linaigusa hata Gonghai. Ziwa hilo kuwa mlimani, mbali na mashamba ya bondeni, ni msaada mkubwa, lakini tangu miaka 3,300 iliyopita si rahisi kutenganisha kabisa shoka na mbingu.

Pango linaposema tofauti

Stalagmiti, nguzo ya chokaa inayoota kutoka sakafuni, ya pango la Dongge, mkoa wa Guizhou kusini mwa China, inaonyesha monsuni ya Asia (pepo za msimu ziletazo mvua) ikiwa na nguvu zaidi mapema, miaka 9,000 hadi 7,000 hivi iliyopita, ikifuata kilele cha jua la kiangazi. Huko Oman, stalagmiti ya pango la Qunf, Dhofar, iliyochapishwa na Dominik Fleitmann na wenzake mwaka 2003, inasema vivyo hivyo: mvua zilipanda kuanzia miaka 10,300 hivi iliyopita na kushuka polepole tangu miaka 8,000 hivi iliyopita. Chavua ya Gonghai inaweka kilele baadaye, kuanzia miaka 7,800.

Qunf inatuhusu moja kwa moja. Upepo wa kusi unaopita pwani ya Kenya na Tanzania katikati ya mwaka huvuka ikweta, ukapinda juu ya Bahari ya Arabu, ukafika Dhofar kama kharifu, msimu wake wa mvua, na India kama mvua kubwa za kiangazi. Kumbukumbu ya Qunf kwa kiasi kikubwa ni kumbukumbu ya nguvu ya kusi.

Nani mkweli? Umri wa stalagmiti, unaopimwa kwa urani na thoriamu, ni bora kuliko wa matope ya ziwa, kwa hiyo tofauti haiwezi kufutwa kwa kusema pango limekosea tarehe. Ila kinachopimwa pangoni ni isotopu za oksijeni, yaani aina zake zenye uzito tofauti, nazo hubeba safari yote ya mvuke: ulikotoka, na mvua iliyokwisha kunyesha njiani kabla ya kufika. Isotopu za Dongge zinaweza kusema kwamba monsuni nzima ilikuwa na nguvu, wakati Shanxi bado haijapata fungu lake. Mabaki ya barafu kuu ya Amerika Kaskazini yalidumu hadi karibu miaka 7,000 iliyopita, na yanadhaniwa kuwa yalizuia ukanda wa mvua usisogee kaskazini zaidi. Pia miti huchukua muda kuhama. Kwa uzito wa ushahidi uliopo, kwa swali la mvua ya kaskazini mwa China ziwa ni shahidi bora. Kwa swali la nguvu ya monsuni yote na wakati wake, pango. Kuchukua mchoro wa pango na kuuandika "mvua ya China" ni kosa linalorudiwa sana.

Loesi, lile vumbi lililojazana uwanda wa kati wa China na ambalo Liu Tungsheng alilichunguza maisha yake yote, hurefusha kumbukumbu hadi miaka milioni 2.6. Tabaka za vumbi la enzi kavu hupishana na udongo mwekundu wa enzi za mvua, na kipimo chepesi ni usumaku: udongo uliopata mvua huzalisha chembe ndogo sana za magnetaiti, kwa hiyo usumaku hupanda. Siberia kipimo hichohicho husoma kinyume, kwa sababu huko upepo mkali wa enzi ya barafu ulibeba chembe nzito za magnetaiti, na udongo uliolowa maji huziyeyusha.

Mamilioni ya miaka nyuma: majani na udongo

Chavua ya miti iliyotoweka haina jedwali la leo la kulinganisha nalo. Hapo hutumika umbo la jani. Misitu ya Asia Mashariki ndiyo iliyotoa kanuni: asilimia ya aina za miti zenye majani ya kingo nyoofu, yasiyo na meno, hupanda na joto. Zidisha uwiano huo kwa 30.6, ongeza 1.14, unapata wastani wa joto la mwaka kwa nyuzi za Selsiasi. Aina 18 kati ya 30 zikiwa na kingo nyoofu, jibu ni 19.5. Ukikosea aina mbili tu, ukazihesabu nyoofu kumbe zina meno madogo yaliyovunjika, jibu linaruka hadi 21.5. Ndiyo maana haikubaliki kutumia chini ya aina 20. Na visukuku vya majani hupatikana zaidi kandokando ya maziwa na mito, ambako miti yenye meno ni mingi, hivyo kanuni hii hupendelea kutoa jibu la baridi kuliko ukweli.

Mabishano ya urefu wa Tibet yanaonyesha thamani ya jani moja. Isotopu za oksijeni katika bonde la Lunpola, katikati ya uwanda huo, zilikuwa zimesomwa kuwa mahali hapo palizidi mita 4,000 tangu miaka milioni 35 hivi iliyopita. Mwaka 2019 Su Tao na wenzake wakachapisha majani ya jamii ya minazi na mitende kutoka bonde hilohilo, mengine karibu mita moja, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mimea ya jamii hiyo haistahimili mwezi wa baridi wenye wastani chini ya nyuzi 5 hivi. Wakahitimisha kuwa palipoota mitende hiyo hapakuzidi mita 2,300. Leo ni zaidi ya mita 4,600. Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa sahihi: maji ya ziwa yalishuka kutoka vilele vya milima miwili inayolizingira, yakabeba isotopu za juu, na mtende uliota chini bondeni.

Kwa uoto wenyewe, kipimo imara kuliko vyote ni kaboni ya udongo wa kale. Miti, ngano na mpunga vina kaboni 13, ile aina nzito ya kaboni, ya karibu -27 kwa elfu ikilinganishwa na kipimo sanifu. Nyasi za joto, jamii ya mahindi, mtama na miwa, karibu -13. Vijiwe vya chokaa vinavyojengeka udongoni huhifadhi tofauti hiyo, vikisogea juu kwa 14 hadi 17. Hukusanywa angalau sentimita 30 hadi 50 chini ya uso wa udongo wa kale, maana karibu na uso hewa ya nje imejichanganya, na mishipa ya chokaa inayong'aa huepukwa kwa kuwa ilijijenga baadaye. Katika uwanda wa Potwar, Pakistani, Jay Quade, Thure Cerling na John Bowman walionyesha mwaka 1989 kwamba kati ya miaka milioni 8 na 6 hivi iliyopita vijiwe vilipanda kutoka karibu -10 hadi 0 na zaidi: misitu na vichaka vilipisha nyasi za joto.

Mwanzoni walisema ni monsuni iliyoimarika. Kisha nyasi hizohizo zikaonekana kutanda karibu wakati uleule Afrika Mashariki na mabara ya Amerika, ambako monsuni ya Asia haifiki, na hewa ukaa inayopungua ikawa mshukiwa mkuu. Kutenganisha mambo hayo mawili sasa kunafanywa kwa nta ya majani iliyohifadhiwa kwenye mashapo ya Ghuba ya Bengal, ambamo kaboni husema aina ya mmea na hidrojeni husema maji ulioyanywa. Na hata hapo kuna marekebisho ya lazima: nyasi na miti havipachiki hidrojeni kwenye nta kwa kiwango kimoja, kwa hiyo uoto ukibadilika hidrojeni itasogea bila mvua kubadilika, na lazima kaboni isomwe kwanza.